Mama mkwe wangu, beseni la maji ya kukandia na mkono wa binti yangu

Wakuu, habari za mchana huu. Wakubwa shikamooni, wadogo nawapa marahaba kabla hamjaniamkia.

Najua humu jukwaani ukiona uzi wenye neno "mama mkwe" unajiandaa kabisa kusoma vilio. Leo mtanisamehe. Leo nimekuja kumsifu wa kwangu, na nitamsifu mpaka mchoke. Mwenye hasira na wa kwake akae pembeni na chai yake.

Nitakayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, na chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimeyageuza, maana mama huyu ana wajukuu wenye smartphone na umbea humfikia mapema.

Nijitambulishe kidogo.

Mimi ni binti wa Nzega, nimeolewa na Mgogo wa Hombolo, tunaishi Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Vyumba viwili, ua wetu wenyewe, ukuta mmoja na jirani. Nina kibanda cha photocopy na kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Mume wangu, nimwite Amosi, ni fundi umeme. Kipindi hicho alikuwa na kazi ya kufunga waya kwenye nyumba fulani za Chamwino, anatoka alfajiri, anarudi jiko la jioni limeshawashwa.

Mtoto wetu wa kwanza ni Debora. Alikuwa na miaka mitatu nilipojifungua mdogo wake, Yona.

Mama yangu mzazi miguu inamsumbua, safari ya kutoka Nzega hakuiweza. Basi aliyekuja kunitunza uzazi ni mama mkwe, Mama Amosi.

Ni mama mrefu, mkulima wa zabibu na uwele, mikono mikubwa kuliko ya mwanaye. Haongei sana. Akikupenda anakuongezea ugali, akikuchukia pia anakuongezea ugali, kwa hiyo miaka ya mwanzo ya ndoa nilikuwa sijui nimesimama wapi.

Kuna mambo mawili muyajue kuhusu yeye, la sivyo huko mbele hamtanielewa.

La kwanza, kuomba. Mnajua Wagogo wanavyotaniwa huku mitaani kuhusu kuombaomba. Wengi wao wanacheka, wanarudisha utani, maisha yanaendelea. Yeye hapana. Utani ule unamchoma. Tangu niingie kwenye ile familia sijawahi kumuona akimuomba mtu kitu, hata kiberiti. Chumvi ikiisha na duka limefungwa, mboga inaliwa bila chumvi na anakutazama uone kama utalalamika.

Sasa siku aliyofika na mizigo yake, jirani yetu Baba Shamsa alikuwa amekaa nje kwake. Huyu ni mzee wa mjini hapa hapa, ana duka la nafaka, maneno mengi na moyo mweupe. Akamtania: leo Mgogo kaingia mtaani, tufiche masufuria. Sisi tukacheka. Mama mkwe hakucheka. Tangu siku hiyo Baba Shamsa akisalimia, mama anaitikia kwa kichwa na kupita zake.

La pili, moto. Kijijini kwao mtu akiungua anakimbiziwa kwake. Ana manyoya ya sungura wa porini, anayatunza kwenye kopo la kahawa lenye mfuniko. Anayabandika kwenye kidonda cha moto, yanagandia hapo mpaka kidonda kikauke au kishindikane. Watu wanatoka vitongoji vya mbali kumfuata. Alirithi kwa mama yake, na ndiyo heshima yake pale kijijini. Wakimuita mganga wa moto anajifanya hasikii, lakini mabega yanapanda. Kopo hilo husafiri nalo, hata huku mjini lilikuja.

Haya, twende kwenye kukandwa.

Wanaume mliomo humu, labda hamjui nyuma ya ule mlango huwa kunatokea nini. Mzazi anachemshiwa maji, taulo linachovywa, linakamuliwa, linagandamizwa tumboni na kiunoni. Wataalamu wana maneno yao kuhusu hii shughuli na leo sitaki tubishane. Niseme tu kwamba anayedai kukandwa ni raha hajakandwa na mikono iliyozoea jembe. Leba niliivumilia kimya, taulo la Mama Amosi nililipigia kelele.

Na alikuwa na sharti lake. Maji ya mzazi hayachanganywi na maji baridi. Ukichanganya, ubaridi unamwingia mzazi na tumbo halirudi. Kwa hiyo maji yanatoka jikoni yakiwa yanatokota, yanamiminwa kwenye beseni, beseni linawekwa sakafuni kando ya kitanda, halafu mnasubiri yapoe yenyewe mpaka mkono uyavumilie.

Hebu rudieni hiyo sentensi. Beseni la maji ya kuchemka, sakafuni, ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu, kila asubuhi. Na hakuna mtu mzima aliyeliona kuwa ni hatari, kwa sababu ilikuwa dawa. Jiko tulimkataza Debora asilisogelee. Pasi tuliiweka juu ya kabati. Beseni tukalipita kama tunavyopita kiti.

Asubuhi ya tukio Amosi alikuwa ameshaondoka. Mama kamimina maji, kaweka beseni, taulo kaliacha linaning'inia ukingoni nusu ndani nusu nje. Akatoka uwani kukoroga uji. Mimi nimekaa kitandani nanyonyesha.

Debora akaingia na mdoli wake mgongoni. Mdoli naye alikuwa kajifungua, maana wiki ile nyumba nzima ilikuwa ya wazazi. Alitaka kumkanda. Nilimuona anainama kuvuta taulo, nikaita jina lake, na kabla sijamaliza kuliita akateleza. Mkono wa kulia ukazama mpaka karibu na kiwiko.

Kile kilio sitakielezea. Mwenye mtoto anakijua, asiye na mtoto sitaki nimharibie siku.

Nilimbwaga Yona kitandani, naye akaanza yake. Mama mkwe akaingia mbio. Hakupiga kelele wala hakushika kichwa. Aliutazama ule mkono mara moja, akageuka moja kwa moja kwenye begi lake. Nilijua anatafuta nini.

Hapa nichepuke kidogo, kuna mtu ananidai shukrani.

Nikiwa mjamzito, usingizi ulipokuwa hauji, nilikuwa nashinda humu. Kulikuwa na uzi mmoja watu wanabishana dawa ya kuungua. Huyu anasema dawa ya meno, huyu yai bichi, huyu asali, mwingine mafuta ya taa, jamani. Katikati ya zile kelele mdau mmoja, nadhani ni nesi, aliandika mistari michache: maji safi ya kawaida, yasiwe ya barafu, yatiririke juu ya palipoungua kama dakika ishirini. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Usipake kitu chochote. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Watu wakamcheka, wakamwambia maji yanaleta malengelenge, uzi ukaendelea na yai.

Mimi yale maneno yalinikaa. Sijui kwa nini. Asubuhi ile yalinijia yote kwa mpangilio.

Nikambeba Debora mpaka uwani. Sikuwa nimemaliza hata wiki tangu nijifungue, natembea nimepanua miguu kama nimetoka kupanda punda. Mkononi alikuwa amevaa shanga alizotungiwa na bibi yake. Nikazikata kwa meno, zikatawanyika chini.

Sasa maji.

Wa Dodoma wenzangu mnaelewa. Mgao. Bomba lilikuwa limekauka siku kadhaa. Kwenye pipa tulikuwa tumebakiza maji ya chini chini na ndoo moja ya kunywa ndani. Nikachukua jagi nikaanza kumimina taratibu, kuanzia kiwiko kushuka kwenye vidole. Analia, anapiga mateke, namimina.

Mama mkwe akatoka na kopo lake mkononi, mfuniko ameshaufungua. Akainama mbele yetu.

"Mama Debora, unauzamisha moto ndani. Lete mkono wa mtoto."

"Mama, nisamehe. Usimguse."

Wakuu, kwetu Unyamwezini na kwao Ugogoni, mkamwana hamwambii mama mkwe usimguse mjukuu wako. Hasa mama mkwe aliyeacha shamba lake kuja kukufulia nepi. Neno lilipotoka nilijua halirudi. Nilijua pia nimemkatalia kitu ambacho nusu ya kijiji kinakisafiria.

Akabaki ameinama pale na kopo lake wazi. Mimi namimina. Nikasikia jagi linakwangua chini ya pipa. Nikavuta ile ndoo ya kunywa, nikaona kabisa haitafika popote, na mkono bado ulikuwa wa moto ukiugusa kwa juu.

Nikasema, kama nasema na nafsi yangu, kwamba maji yanaisha. Sikumtuma. Nisingethubutu kumtuma baada ya nilichomwambia.

Akafunika kopo. Akaliweka dirishani. Akajifunga kanga kiunoni, akabeba ndoo tupu, akatoka getini.

Kiukweli niliwaza amenisusia. Nilidhani anakwenda kukaa barabarani amsubiri mwanaye. Nikaendelea kumimina kidogo kidogo, machozi yananitoka, Yona analia ndani, uji unaungua jikoni.

Ndipo nikamsikia upande wa pili wa ukuta. Ana sauti nzito, haijifichi.

"Baba Shamsa, nimekuja kuomba. Niombe maji, mtoto ameungua."

Mimi niliyemjua miaka yote ile nilisimama na jagi hewani. Alikuwa amelitamka neno lile lile, mlangoni kwa mtu yule yule.

Na Baba Shamsa, Mungu ampe maisha marefu, hakutia utani hata wa dawa. Ana simtank kubwa pale kwake. Nilisikia ndoo zinajaa, nikaona mama anaingia na ndoo kichwani, na nyuma yake mzee wa watu na kanzu yake kaikunja, kabeba mbili, moja kila mkono.

Mama mkwe akaninyang'anya jagi. Akaniambia nikae, damu inanishuka miguuni na sijui. Akamimina yeye. Alimimina vizuri kuliko mimi, mkono hautetemeki, maji yanashuka kama ya bomba. Alipoona mtoto anatetemeka akamfunika mwili kwa kanga, akaacha mkono tu nje. Hiyo hata mimi nilikuwa nimeisahau.

Nataka mnielewe hapa. Hakuwa amekubaliana na mimi. Uso wake ulisema wazi kwamba tunafanya ujinga. Lakini alimimina mpaka nikasema basi.

Tukaufunika mkono kwa kitenge kilichotoka kufuliwa. Baba Shamsa akawasha kirikuu chake cha kubebea magunia, mimi na Debora mbele, mama nyuma na Yona kifuani, tukaenda hospitali.

Daktari aliyetupokea ni dada mdogo tu. Kabla hajafunua kitambaa aliuliza mmepaka nini, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuuliza. Nikasema maji. Akauliza maji na nini. Nikasema maji na maji. Akanitazama tena, safari hii usoni.

Alipofunua akamuita mwenzake aje aone. Wakasema kidonda ni kisafi, hakuna cha kukwangua. Akatueleza kwamba watoto wengi huletwa na vitu vimegandia kwenye nyama, na kuvitoa ni kumuunguza mtoto mara ya pili, na hapo ndipo vijidudu vinapoingilia. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni na Yona. Alisikia kila neno. Sikumgeukia, maana sikutaka aone kama namwangalia.

Lakini daktari hakutuficha. Mkono wa juu ungepona. Wasiwasi wake ulikuwa vidole na kiganja. Ngozi iliyoungua ikipona hujivuta. Vidole vinaweza kugandana au kukunjika ndani na kubaki hivyo. Ndiyo maana walifunga bandeji kila kidole peke yake.

Mkono wa kulia, wakuu. Wa kushikia kalamu, kijiko, kila kitu. Nilikuwa na swali moja tu: utafunguka? Akasema itategemea sisi wa nyumbani kuliko yeye.

Jioni Amosi akarudi kutoka Chamwino, kapigiwa simu njiani, uso umemshuka. Nilikuwa nimejiandaa kusikia mama anavyoshtaki. Alimkalisha mwanaye chini, akamwambia beseni niliweka mimi. Akamwambia mkeo alinikatalia manyoya, akatumia maji, na daktari amemsifu. Basi. Akaenda kupakua ugali.

Nilitegemea kesho yake atafunga mizigo. Hakufunga. Kesho yake asubuhi nilimuona anaingia na beseni. Lina maji baridi kwanza, ndipo akamiminia ya moto juu yake, akajaribu kwa kiwiko chake. Na beseni halikugusa sakafu, alilipandisha juu ya meza na mlango akaufunga kwa komeo. Hakuna aliyemwambia. Na kwa taarifa yenu ubaridi haukuniingia, tumbo limerudi, Amosi ni shahidi.

Zikaanza safari za dressing. Mimi na mtoto mchanga, kliniki na hospitali, nilikuwa nazimia. Mama alibeba zote. Debora alimkubali bibi yake tu. Nesi akianza kufungua bandeji, mtoto anaficha uso kwenye kifua cha bibi, na bibi anamwimbia Kigogo chini chini mpaka imalizike.

Kidonda kikafunga. Ngozi mpya, ya waridi, nyembamba. Na kweli vidole vikaanza kujikunja. Nesi akatuonyesha namna ya kuvinyoosha, mara nyingi kwa siku, kila siku. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo mtoto anapiga yowe, anakunja ngumi, anakwambia mama hunipendi. Mimi nilikuwa nanyoosha kidole kimoja naishia kulia naye. Amosi alijaribu mara moja akatoka nje kwenda "kuangalia mita."

Sasa sikilizeni alichofanya huyu mama.

Wengi mmewaona akina mama wa Kigogo wakipiga muheme. Ile ngoma ndefu, unaisimamisha katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja viwili huku mwili mzima unacheza. Sikujua mama mkwe wangu ni mpiga muheme mpaka siku hiyo. Alichukua ndoo tupu, akaipindua, akaibana mapajani, akaanza kuipiga. Plastiki ile ilitoa sauti ambayo sikutegemea ndoo inayo.

Debora akasogea. Akataka. Bibi akampisha, akamkalisha mbele yake. Mtoto akapiga kwa ngumi, ndoo ikatoa mlio mfu.

"Ngoma haitaki ngumi," bibi akamwambia. "Ifungulie mkono."

Akajaribu kufungua. Kidogo. Ikalia kidogo. Akafungua zaidi, ikalia zaidi. Alikuwa anatoa machozi na anapiga, anatoa machozi na anapiga. Bibi hakumshika kidole hata kimoja. Aliacha ndoo imdai yenyewe.

Nikamweleza nesi nikiogopa kugombezwa. Akacheka, akasema ngozi imefunga, apake mafuta kwanza ilainike, apige tu, asizidishe.

Basi ikawa asubuhi ndoo, mchana ndoo, jioni ndoo. Baba Shamsa akaja mlangoni na kibaba cha karanga, akasema wateja wake wameanza kuingia dukani wakicheza. Mama mkwe akamtazama, akamuuliza kama leo amekuja kuomba aongezewe sauti. Mimi na Amosi tukaangaliana. Mama mkwe wangu alikuwa ametania, na Baba Shamsa alicheka mpaka akaomba kiti.

Kidole kidogo ndicho kilichokuwa mbishi, kilichelewa kuliko vyote. Siku kilipolala chini na wenzake juu ya ile ndoo, nilimpiga picha nikamtumia kila mtu kwenye simu yangu, mpaka mteja mmoja wa photocopy ambaye hanijui vizuri.

Jioni moja tunachambua mlenda nikapata ujasiri wa kumuuliza. Kama hakuamini maji, kwa nini alikwenda kuyaomba, tena pale?

Akatenga majani mabovu pembeni.

"Ulinikatalia umesimama na damu ya uzazi miguuni. Mtu akikataa namna ile, kuna kitu anakijua."

Nilifurahi, nikaendelea na mlenda.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri.

Watoto wetu wengi wanaungulia ndani, kwenye vitu tunavyovipenda. Maji ya kuoga, chai mezani yenye kitambaa cha kuvutika, uji unaopozwa chini, jiko la mkaa lililowekwa kwenye kibaraza kwa sababu ndani kuna joto. Beseni lianze na maji baridi, ndipo ya moto. Chombo cha moto kisikae sakafuni hata kama ni cha dawa, hata kama aliyekiweka unamheshimu. Mtoto akiungua, maji ya kawaida kwanza, na kama nyumbani hakuna, omba. Omba kwa jirani mliyenuniana naye. Dawa ya meno iache mswakini na yai lirudishe kwa kuku.

Na mkiambiwa vidole vinyooshwe, nyoosheni. Kidonda kufunga si mwisho wa kazi.

Nimalizie na hili, ndilo lililonifanya nikae leo niandike.

Majuzi tumekwenda Hombolo kumbatiza Yona. Baada ya ibada akina mama wakatoa ngoma zao nje ya nyumba ya mama mkwe, muheme ukaanza. Debora akapewa kingoma kidogo akasimama pembeni ya bibi yake.

Mama mmoja wa pale kijijini, mtu mzima, akaliona lile kovu. Akaushika mkono, akaugeuza huku na huku, akafungua vidole akavifunga. Akatangaza kwa sauti kwamba manyoya ya Mama Amosi hayajawahi kukosea. Wote wakaitikia. Mwingine akasema angalia vidole vilivyonyooka, huyu mama ana mkono wa Mungu.

Mimi nikatazama chini. Nilikuwa nimeshaamua moyoni, kwamba sifa hiyo aichukue. Ni kijiji chake, ni jina lake, na kwa zile ngoma za ndoo alistahili zaidi ya hiyo.

Mama mkwe akaacha kupiga. Wengine nao wakaacha, wakidhani anabadilisha wimbo.

"Manyoya sikuweka," akasema. "Mkono huu ameuponya mkamwana wangu, kwa maji. Mimi kazi yangu ilikuwa kwenda kuyaomba."

Alisema kwa Kiswahili badala ya Kigogo, ili na mimi nisikie vizuri.

Halafu akamgeukia Debora, akamwambia aanze yeye, na mtoto akainua kile kiganja akakishusha chote.

Wakuu, uwanja ni wenu. Mlioungua, mliounguliwa na watoto, mliotibu: semeni dakika ya kwanza mlifanya nini, kuna mtu anasoma sasa hivi usingizi haumjii.